Siku nne Sisilia: nianzie wapi?

Swali:
Assalamu alaikum. Mimi ni mwongoza watalii hapa Malindi, na wageni wangu wengi ni Waitaliano. Mwezi ujao nitakwenda Sisilia, kisiwa cha Italia, kwa siku nne. Ni mahali gani panapostahili muda wangu, kwa mtu apendaye historia?

Jibu la kwanza:
Wa alaikumu salaam, ndugu yangu. Kaa Palermo siku mbili nzima. Waislamu waliuteka mji huo mwaka 831 na Wanormani, Wakristo waliotoka kaskazini mwa Ufaransa, wakauchukua mwaka 1072, lakini mafundi wa Kiislamu waliendelea kupewa kazi. Ingia Cappella Palatina, kanisa la Roger II, mfalme wa Kinormani, kisha uinue macho: dari ya mbao imechongwa vijumba vidogo vidogo kama sega la nyuki, ikatiwa rangi na maandishi ya Kiarabu, huku kutani sura ya Kristo iking'aa kwa dhahabu. Aliyezoea milango ya nakshi ya Lamu atasimama pale hadi shingo imuume.

Jibu la pili:
Naongeza jambo linalotuhusu sisi wenyewe. Ni kwa Roger huyo huyo ambako al-Idrisi, mwanajiografia Mwislamu, alikamilisha kitabu chake cha jiografia mwaka 1154, na ndani yake Malindi imetajwa. Waeleze wageni wako. Mimi kila nikilikumbuka hilo, kifua hunijaa.

Jibu la tatu:
Usikose Agrigento, ambako hekalu la Concordia, lililojengwa na Wagiriki katika karne ya 5 kabla ya Kristo, lingali limesimama na nguzo zake. Mlima Etna utakula siku nzima. Mimi ningeuacha kwa safari nyingine.