Ziwa hugeuka kijani kila msimu wa joto: tuanzie ufukweni au ndani ya maji?

Mkaa_Ziwani:
Ndugu wanajamvi, salaam. Sisi ni kaya kadhaa tunaoishi kandokando ya ziwa dogo la maji baridi, na tumeunda kikundi cha kulitunza. Kwa misimu kadhaa sasa, joto likipanda na upepo ukitulia, maji hugeuka kijani kizito kama rangi ya ukuta iliyomwagika, na harufu yake haivumiliki. Katika kikao kilichopita mawazo yaligawanyika: wapo wanaotaka tufyeke matete yote ili ufuo uonekane nadhifu, wapo wanaotaka ukuta wa mawe wa kuzuia mmomonyoko, na wengine wamependekeza tumwage mrututu (chumvi ya shaba) ili tuumalize mwani mara moja. Fedha tuliyonayo inatosha jambo moja tu. Lipi litangulie?

Chini_ya_Mtumbwi:
Nianze na mrututu, kwa sababu ndilo pendekezo lenye madhara ya haraka. Utando wa namna hiyo mara nyingi huwa ni sainobakteria, yaani bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama mimea, na baadhi yao hubeba sumu ndani ya seli zao. Mkizipasua seli hizo kwa mrututu, sumu humwagika majini kwa mkupuo, mabaki yanayooza hunyonya oksijeni wanayoitegemea samaki, na shaba yenyewe hutuama kwenye tope bila kuoza. Kuchemsha maji hakuiondoi sumu hiyo. Agosti 2014, watu wapatao nusu milioni wa Toledo na maeneo jirani, nchini Marekani, waliambiwa wasinywe maji ya bomba kwa sababu ya sumu ya aina hiyo iliyotoka Ziwa Erie. Kwa hiyo, utando ukiwa umetanda, watoto na mbwa wasiingie majini kabisa.

Chakula kikuu cha utando huo ni fosforasi. Mwaka 1973, mtafiti wa maziwa David Schindler na wenzake waligawa kwa pazia ziwa la utafiti liitwalo Ziwa 226, huko Ontario, Kanada. Upande mmoja wakatia kaboni na naitrojeni, upande wa pili wakatia hizo hizo pamoja na fosforasi, na ni upande huo wa pili uliogeuka kijani. Swali la kikundi chenu, basi, ni fosforasi inaingilia wapi: mbolea ya bustani, mashimo ya maji taka yanayovuja, samadi, au udongo unaosombwa na mvua. Ziwa Washington, pembeni ya jiji la Seattle nchini Marekani, lilipona kwa kuzibiwa mlango huo. Maji taka ya miji iliyolizunguka yalielekezwa kwingine hatua kwa hatua kati ya 1963 na 1968, na maji yakaanza kuwa maangavu tena ndani ya miaka michache.

Matete_Yabaki:
Kabla hamjafyeka, mmoja wenu ashuke majini hadi magotini, atulie kidogo, kisha aangalie mashina ya matete kwa karibu. Ataona ute wa kahawia uliogandamana nayo, konokono wadogo, pengine mayai ya samaki, na samaki wachanga wakijificha katikati yake. Matete hayo pia huvunja nguvu ya mawimbi na kulazimisha tope litue kabla halijafika kwenye maji ya wazi. Mkiyaondoa, mtakuwa mmelipa fedha ili tatizo likue.

Ukuta wima nao una hila yake: wimbi likiugonga hurudi na kuchimba chini ya msingi, na jirani asiye na ukuta ndiye anayemegewa ufuo. Ni afadhali kuacha ukanda wa mimea ya asili kati ya nyumba na maji, nyasi ndefu, vichaka na miti. Hata mita chache zinasaidia, ingawa kumi ni bora zaidi. Kila kaya ibakize njia moja nyembamba ya kushukia, nayo ipindepinde, kwa maana njia iliyonyooka hugeuka mfereji siku ya mvua. Mti ukiangukia majini, uacheni isipokuwa kama unahatarisha vyombo.

Mkaa_Ziwani:
Nashukuru sana. Hata hivyo, mwenzetu mmoja hutia mbolea kwenye nyasi zake hadi ukingoni kabisa, na hahudhurii vikao. Tumwendeeje?

Kisahani:
Msimwendee na lawama, mwendeeni na vipimo. Tengenezeni kisahani cha Secchi, kifaa cha kupimia uangavu wa maji kilichobuniwa mwaka 1865: bamba la duara la sentimita 20, robo zake zikipishana nyeusi na nyeupe, lililofungwa kwenye kamba yenye alama. Likishushwa majini hadi lisionekane tena, kina hicho kinaandikwa daftarini. Pimeni mahali pale pale, karibu na saa sita mchana, upande wa mtumbwi wenye kivuli, na ikiwezekana kwa macho ya mtu yule yule. Huyo jirani mwombeni awe mpimaji. Mtu anayeandika tarakimu kwa mkono wake mwenyewe huacha kubishana nazo.

Kuhusu ukuta, sikubaliani kikamilifu na Matete_Yabaki. Pale ambapo barabara au nyumba iko karibu kuanguka, mawe yaliyolazwa kwa mteremko na kupandwa mimea katikati yake yanakubalika. Kwingineko, fedha yenu iende kwenye kukagua mashimo ya maji taka. Halafu siku ya mvua kubwa tembeeni ufuo mzima muone maji ya kahawia yanaingilia wapi, kwa kuwa hapo ndipo pa kupanda mimea kwanza.

Mkaa_Ziwani:
Na tope la zamani lililolundikana chini, tulichote?

Chini_ya_Mtumbwi:
Kwa sasa, hapana. Ni kweli kwamba tope hilo hurudisha fosforasi majini pale oksijeni inapokwisha chini, na ndiyo maana ziwa linaweza kuendelea kuwa kijani kwa miaka kadhaa hata baada ya milango kuzibwa. Waambieni wanakikundi mapema ili wasikate tamaa. Lakini kulichota bila wataalamu na bila kibali hulitimua tope hilo na kuchafua maji zaidi, na ikiwa mashimo bado yanavuja, litajaa upya.