Gauni la Idi limekwama kichwani

Kikundi: WAJUKUU WA BI MKUBWA

*Jumatano, baada ya tarawehe*

Mama Nasra: Assalaam alaykum nyote. Shangazi upo? Usilale kwanza.

Shangazi Tanga: Waalaykum salaam. Nipo, nakunywa uji. Kuna nini?

Mama Nasra: Shikamoo. Fundi kanirudishia kanga yangu leo, ile ya gauni la Nasra. Haijakatwa hata ncha! Nimeipeleka tangu Shaabani.

Shangazi Tanga: Marahaba. Wewe nawe, fundi wa "njoo kesho" unamjua halafu unampelekea nguo ya Idi.

Wifi Muscat: Mimi ningekaa pale pale mpaka ashone 😂

Mama Nasra: Nilikaa wifi. Akanipa kiti, akanipa na maji ya kufuturu, akaendelea kushona za wenzangu.

Mama Nasra: Sasa nimeamua. Nimeshusha tivii, nimetoa kitambaa, ile cherehani ya Bi Mkubwa imerudi kuwa cherehani.

Kassim: Kumbe ile meza ya tivii ni cherehani??

Mjomba Unguja: Kassim, hiyo ndiyo iliyomsomesha baba yako.

Mama Nasra: [picha] Tatizo ni hili. Juu mshono mzuri, geuza chini ndiyo uone maajabu.

Kassim: Huo ni uzi au tambi za futari?

Shangazi Tanga: Nimeona. Bobini ya uzi wa chini umeigusa?

Mama Nasra: Nimeikaza kiskrubu chake kwa bisibisi. Mara tatu.

Shangazi Tanga: Inna lillahi. Mwanangu, uzi ukivurugika chini, kosa liko juu. Nijibu: wakati unatunga uzi wa juu, ule mguu unaokanyaga kitambaa ulikuwa umeinuliwa au umeshushwa?

Mama Nasra: Umeshushwa. Kwani?

Shangazi Tanga: Ndiyo hapo. Mguu ukiwa chini, vile visahani viwili vya kubana uzi vimeshafumba. Uzi unapita juu juu, haushikwi na kitu, unaporomoka wote chini. Inua mguu, chomoa uzi wote, tunga upya kuanzia kwenye kigurudumu cha uzi. Halafu ndiyo ushushe.

Shangazi Tanga: Na bobini uliyoiharibu, itie kwenye nyumba yake uining'inize kwa uzi wake mwenyewe. Ining'inie isianguke. Ukitikisa mkono kidogo, ishuke kidogo isimame. Ikiporomoka, kaza. Ikigoma kabisa, legeza. Robo ya mzunguko tu, si kama unafunga nati ya gari.

Shangazi Tanga: Sindano je?

Mama Nasra: Ile ile niliyoikuta.

Shangazi Tanga: Ya enzi za Bi Mkubwa anaona! Itupe. Kesho kanunue namba 14, ndiyo ya kanga na kitenge. 16 waachie wa jinzi.

Mama Nasra: [ujumbe wa sauti, dakika 2:05]

Wifi Muscat: Hiyo sauti ni ya cherehani? Nimesikia raha hapa, nimekumbuka kulala mchana Ngamiani.

Mama Nasra: INASHONA. Imekubali na sindano hiyo hiyo kuukuu!!

Shangazi Tanga: Gurudumu ulisukume kwa mkono lije upande wako kabla hujakanyaga. Likianza kinyume, uzi unakatika.

Mama Nasra: Nimeshaligundua hilo shangazi. Mara sita.

*Alhamisi*

Mama Nasra: [picha] Doti ndiyo hii, nimeitoa Mtaa wa Uhuru. "Nani kama mama." Naanza kukata.

Shangazi Tanga: Weka mkasi chini. Umeiloweka?

Mama Nasra: Mpya hii shangazi.

Shangazi Tanga: Ndiyo maana. Pamba mpya ina wanga wa kiwandani. Ukishona kabla ya kuloweka, fuo la kwanza tu gauni linapanda magotini. Loweka usiku huu, suuza mpaka maji yatoke meupe, anika, piga pasi, ndipo ukate.

Wifi Muscat: Tia na chumvi rangi ishike.

Shangazi Tanga: Chumvi tia kwenye mchuzi. Mimi nimetia miaka yote na nyekundu imenichujia vile vile. Dawa ni kusuuza.

Mjomba Unguja: Na jina utaliweka wapi?

Mama Nasra: Jina gani mjomba?

Mjomba Unguja: La kanga. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Ukikata kiholela, mtoto atatembea ameandikwa matakoni.

Kassim: 😂😂😂 nangoja picha

Shangazi Tanga: Mjomba wako kasema kweli. Pindo la chini lifanye ndiyo upindo wa sketi, hapo hushoni chini wala nini, limeshapambwa. Mji ndiyo kifua. Jina litakaa juu ya pindo, mbele, katikati.

*Ijumaa, saa 5 usiku*

Mama Nasra: [picha]

Wifi Muscat: Mashallah! Marinda hayo umefanya wewe?

Mama Nasra: Mimi. Mishono miwili mirefu isiyokazwa, nikavuta uzi wa chini taratibu. Shangazi kanifundisha kwa simu, salio langu lote limeisha.

Kassim: Ngojeni. Someni mbele.

Kassim: NANI MAMA.

Mjomba Unguja: Marinda yamemeza "kama".

Zai Nesi: 😂😂😂 Nasra anauliza swali zito sana

Mama Nasra: Baba yake kasoma, akanyamaza, akaingia ndani.

Wifi Muscat: Nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta.

Mama Nasra: Chekeni tu, hilo si tatizo. Tatizo nimemvalisha. Limefika puani likagoma. Hapandi hashuki. Analia humo ndani sauti inatokea mikononi.

Zai Nesi: Jamani mtoto! Umemtoa?

Mama Nasra: Nimemtoa na masikio mekundu. Na nilipima shingo yake vizuri kabisa, nikaongeza na vidole viwili.

Shangazi Tanga: Shingo ya gauni la mtoto haipimwi shingoni. Inapimwa kichwani! Mtoto ni kichwa na tumbo, hayo mengine yatakuja baadaye.

Zai Nesi: Kweli. Kliniki tunapima kila siku. Mwaka mmoja kichwa ni kama sm 46, wa miaka miwili kama Nasra ni 48 hivi. Shingo yake haifiki hata nusu ya kichwa kwa unavyoiona.

Shangazi Tanga: Acha chumvi Zai, inafika nusu. Lakini ujumbe umefika.

Mama Nasra: Niitanue? Nikate shingo mpaka 50?

Shangazi Tanga: Ukitanua litamvuka mabegani, utavalisha fulana ndani. Pasua mgongoni, katikati, kama urefu wa kidole chako cha kati na zaidi kidogo. Ile ncha ya mpasuo usiiache kama V kali, itachanika. Iwe duara kidogo. Kisha zungushia kitambaa ulichokata mshazari, maana cha mshazari kinajipinda bila kukunjamana. Juu kabisa kitanzi na kifungo kimoja.

Zai Nesi: Kitanzi kifupi. Kamba ndefu za kufunga shingoni sitaki. Mtoto anapanda kochi, kamba inashika kwenye kitasa, basi.

Mama Nasra: [picha] Limepita!!! Kifungo nimekitoa kwenye shati la baba yake.

Kassim: Anajua?

Mama Nasra: Kassim nenda kalale.

*Jumamosi*

Mama Nasra: Vipande vimebaki vingi. Nasra ananionyesha sungura kwenye kitabu. Nimshonee? Na mto wangu mmoja umechanika, sufi imejaa chumbani.

Shangazi Tanga: Sufi nzuri, mwepesi atabebeka. Ila kanga peke yake haishiki sufi, itapenya nyuzi mtakohoa nyote. Shona mfuko wa ndani wa marekani, jaza huko, halafu uvalishe kanga.

Kassim: Mfuko wa Marekani tunaupata wapi? Tuagize?

Mjomba Unguja: Lahaula. Marekani ni kitambaa mtoto wee, ile pamba isiyotiwa rangi. Karne ya 19 merikebu za Salem, Massachusetts, zilikuwa zinaileta Unguja, na mwaka 1833 Sayyid Said akafanya na Wamarekani mkataba wa biashara. Watu wakakiita kwa jina la kwao walikotoka. Mpaka leo.

Wifi Muscat: Na Sayyid Said mwenyewe ni wa huku kwetu Muscat, msimsahau.

Kassim: Nimeuliza duka nimepewa historia.

Zai Nesi: Mama Nasra, macho unaweka nini?

Mama Nasra: Vifungo viwili vyeusi.

Zai Nesi: Hapana. Chini ya miaka mitatu kila kitu kinaenda mdomoni, na kifungo akikivuta siku nzima kinatoka. Chukua kile kibomba cha katikati ya karatasi ya chooni: kinachopita humo, mtoto mdogo anaweza kukabwa nacho. Macho darizi kwa uzi. Na sufi isikae karibu na jiko wala mshumaa, inashika moto upesi.

Shangazi Tanga: Penye mviringo wa kichwa, kata vijipasuo kwenye ukingo kabla ya kugeuza, usifike kwenye mshono. Usipokata, kichwa kitatoka na pembe.

*Saa 7:40 usiku*

Mama Nasra: Kuna mtu yuko macho?

Zai Nesi: Niko zamu. Vipi?

Mama Nasra: Nilichukua pini 12 kwenye kikopo, niliziandika kabisa. Zimerudi 11.

Zai Nesi: Sungura yuko wapi?

Mama Nasra: Amemaliza. Ameshazibwa. Nasra kalala naye, nimemnyang'anya taratibu.

Zai Nesi: Afadhali. Asirudi kitandani mpaka ya 12 ipatikane.

Mama Nasra: Nimembonyeza mwili mzima sisikii kitu. Nimefagia chini, nimekung'uta mkeka. Nimfumue wote? Nimemshona masaa manne 😭

Kassim: Ile redio mbovu iko juu ya kabati bado? Spika yake ina sumaku nyuma.

Mama Nasra: Wewe hujalala?

Kassim: Nangoja daku. Fungua spika, mpitishe sungura polepole juu ya sumaku.

Mama Nasra: Subiri.

Mama Nasra: Tumboni kimya.

Mama Nasra: Kichwani kimya.

Mama Nasra: SIKIO. Sikio la kushoto limeruka lenyewe likaganda kwenye sumaku!! Nimefumua mishono minne, imelala humo ndani imenyooka kama haijui kitu.

Zai Nesi: Alhamdulillah. Kassim, baba'ako asiguse simu yako mwaka huu.

Shangazi Tanga: Nimeamka daku nasoma haya. Ndiyo maana mimi pini natumia zenye vichwa vya rangi.

Mama Nasra: Shangazi ungesema mchana!

*Idi mosi*

Mama Nasra: Idi njema wote, mkono wa Idi nausubiri. [picha]

Wifi Muscat: Wa aleikum! Mashallah kapendeza. Na mbuzi wake.

Mama Nasra: Ni sungura.

Mjomba Unguja: Mimi nilidhani punda.

Mama Nasra: Mwenyewe anamwita Bibi Paka, kwa hiyo tuyaache.

Zai Nesi: Mbele naona "kama" imerudi?

Mama Nasra: Nililegeza marinda pale katikati, nikayasukuma pembeni. Baba yake kaomba.

Wifi Muscat: Pacha wangu nao wanataka kwa Idi ya kuchinja. Kitambaa nitatuma mimi na mtu anayekuja.

Zai Nesi: Niweke na mimi. Wa kiume, kaptula na shati.

Mama Nasra: Mpaka Mfungo Tatu nafasi ipo. Tumeni vipimo: kifua, kiuno, urefu. Na kichwa. KICHWA kwanza.

Wifi Muscat: Pacha: 49 na 49 na nusu.

Zai Nesi: Wangu 51.

Mjomba Unguja: 57.

Mama Nasra: Mjomba, hicho cha nani?

Mjomba Unguja: Changu. Nataka kofia. Usiandike kitu mbele.