Mita 60 za mto: kwa muuza matembele ni sheria, kwa mwenye tipa ni kiwanja

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite. Wasimamizi naomba msiuhamishie jukwaa la ujenzi, hii siyo habari ya tofali, ni habari ya zile mita 60 kutoka ukingo wa mto ambazo sheria inataka ziachwe.

Naishi kando ya mmojawapo wa hii mito midogo ya Dar ambayo kiangazi unauvuka na kandambili na masika unabeba gari. Mtaa siutaji na mto siutaji, maana wahusika napishana nao dukani kila siku. Lakini aliyekaa Dar anaijua habari yenyewe, awe jirani wa Msimbazi, Mto Ng'ombe, Mbezi, Tegeta au Kizinga kule Temeke.

Ng'ambo, mkabala na kwetu, kulikuwa na ukanda wa matete marefu kumpita mtu, mianzi kidogo iliyopandwa zamani, na mwembe mmoja mkubwa ambao mizizi yake ilikuwa imeshikilia ukingo mzima. Hakuna aliyekuwa na habari nao. Watoto walikuwa wanavizia kenge mle, walevi wanajisaidia mle, basi. Akaja mtu, tumwite Tajiri, akanunua viwanja vinavyoshuka mpaka majini. Wakaanza vijana na mapanga. Likafuata katapila, likaung'oa ule mwembe na mizizi yake. Kisha zikaanza tipa, usiku, za kifusi cha majumba yaliyovunjwa huko mjini: vipande vya vigae, masinki, nondo zilizopinda, na sinki la choo cha kukalia, zima kabisa, ambalo mpaka leo limechomoza ukingoni linatutazama. Kifusi kikasukumwa ndani ya mto mpaka mto ukabaki kama nusu ya upana wake. Juu ya kifusi ukapandishwa ukuta, tofali za inchi sita, nguzo za zege, na geti liko njiani.

Sasa maji hayasomi kibali. Ukiyabana kule yanahamia huku. Na ardhi yetu ni kichanga kitupu, anayechimba msingi Dar anajua, ukimwagia ndoo ya maji ukingo unashuka wenyewe. Kitu pekee kinachoushika ni mizizi. Matete yakifurika yanalala, maji yanapita juu yake taratibu, mchanga unatua, mvua ikikatika yanasimama tena. Ukuta haulali. Maji yanaugonga kwa nguvu zote, yanageuka, na yakigeuka yanakutana na sisi.

Masika yalipoingia tulikuwa tunasikia usiku ukingo unadondoka, pu, halafu kimya, halafu pu. Jirani yangu wa chini migomba yote imekwenda, banda la kuku limekwenda, na sasa karo lake la maji ya choo limechungulia. Ukisimama mtoni unaona tofali za karo ubavuni mwa ukingo, na bomba la inchi nne linaning'inia hewani likidondosha mnachokijua. Hayo maji yanakwenda kwa watu wanaoishi chini yetu, wanaofulia na kumwagilia.

Tukalalamika kwa utaratibu, siyo kwa fujo. Mjumbe, mwenyekiti wa mtaa, mtendaji, barua yenye muhuri, nakala kila mahali. Kila ofisi inakwambia ofisi nyingine ndiyo yenye dhamana: huku wanasema mto ni wa watu wa maji, kule wanasema kiwanja ni cha watu wa ardhi, pengine wanasema uharibifu ni wa watu wa mazingira. Hatimaye akaja afisa na futi yake. Tukafurahi. Nikamwambia, karibu baba, ng'ambo ile pale. Hakwenda ng'ambo. Akasimama kwenye ukingo wa upande WETU, ule uliomeguka, akavuta futi kuja kwangu, ikapita uani, ikapita jikoni, ikaishia sebuleni.

"Mama, na wewe umo ndani ya mita 60."

Jamani!

Nyumba hii wakati inajengwa tulipima kutoka ukingoni mpaka msingi, tukapita mita 70, na mpimaji alikuwepo. Nyumba haijatembea. Uliotembea ni mto: kidogo kidogo miaka ile ya wachimba mchanga na kirikuu zao, halafu kwa mkupuo baada ya kifusi cha Tajiri. Kwa hiyo mtu anaharibu ukingo, ukingo unanifuata mimi, na mimi ndiye ninayegeuka mvamizi. Nilipomuuliza afisa, sasa na yule wa ng'ambo je, akasema "yule ana vibali, suala lake lipo ofisini." Lipo ofisini mpaka leo.

Kwa wasiojua hizi mita 60 zinatoka wapi: ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 nayo ina mita 60 hizo hizo, kifungu cha 34. Na kabla ya hapo Sheria ya Ardhi ya 1999 kwenye kifungu cha 7 ilishaiingiza ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto kwenye orodha ya ardhi hatarishi. Sheria tatu, namba moja, nani anaweza kusema hakujua? Na isomeni vizuri hiyo ya 2004. Haikatazi nyumba tu. Inakataza shughuli za kudumu, pamoja na zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuathiri hifadhi ya ukingo. Kung'oa mwembe kwa katapila na kujaza kifusi mtoni kama hakuathiri ukingo, basi nielezeni kinachoathiri ni kipi.

Na msidhani hawajui kuitekeleza. Kuna bibi mmoja hapa mtaani, mjane, alikuwa na tuta zake za matembele na mchicha kule bondeni, anauza fungu fungu asubuhi. Mgambo walikuja, wakamsomea mita 60, wakang'oa kila kitu. (Mchicha wa kumwagilia na maji ya mito hii siutetei, nanunua wa Morogoro. Lakini matembele yanatambaa na yanashika udongo, zege la nguzo halishiki.) Kutoka kwenye tuta zake mpaka ukuta wa Tajiri ukirusha jiwe linafika. Mgambo walisimama pale pale na marungu yao, ukuta wameuona, wakapanda gari wakaondoka.

Ndiyo maana naona hii sheria Dar imegeuzwa rangi nyekundu tu. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 katika jiji hili, waliokuwa mabondeni wakapelekwa Mabwepande, tukaambiwa sasa basi. Desemba 2015 zikaja X nyekundu kwenye kuta za nyumba za kubomolewa, na bomoabomoa ya Mkwajuni, familia zikalala nje kwenye matope huku mvua inanyesha. Na katikati ya mambo yote hayo karakana ya mabasi ya mwendokasi ikajengwa Jangwani, kwenye bonde lile lile la Msimbazi tulilohubiriwa kwamba binadamu hapaswi kukaa, na mwaka 2018 tukaona mabasi yamesimama ndani ya maji. Leo tuna mradi mkubwa wa bonde la Msimbazi, mkopo wa Benki ya Dunia, na moja ya kazi zake ni kulirudishia bonde nafasi ya maji na majani. Sawa, nauunga mkono. Ila wakati Msimbazi tunakopa ili kurudisha majani, kwenye vijito vinavyoushibisha tunayang'oa yaliyopo, bure, usiku, mbele ya serikali ya mtaa. Wapanga mipango wa jiji hawajawahi kusimama Kinyerezi au Pugu, kule juu mto unakotoka, wakaona maji ya Jangwani yanatokea wapi?

Nisichokielewa kabisa ni kitu kimoja. Tulipochanga hela za urasimishaji wa viwanja vyetu, wapimaji walipita, mchoro wa mipango miji ukatoka, ukabandikwa ofisi ya mtaa. Nimeuangalia kwa macho yangu. Kando ya mto wote kuna ukanda uliopakwa kijani, huku na ng'ambo. Viwanja vyetu vina bikoni, yaani alama za mpaka, kila kona, za zege, zina namba. Ukanda wa kijani hauna bikoni hata moja. Hata kijiti. Kwa hiyo mwenyekiti akimpeleka mnunuzi kiwanja, anamwonyesha mpaka majini, na mnunuzi mwenye pesa akiuliza "mwisho ni wapi" anaambiwa mwisho ni mto. Hiyo mita ya 60 ipo kwenye karatasi na kwenye futi ya afisa, na futi inatolewa mfukoni siku anayotaka yeye, kuelekea anakotaka yeye.

Ninachodai ni bikoni. Wakati wa kiangazi, kabla mtu hajauziwa. Zipangwe kwenye mstari wa mita 60, zipakwe rangi hata mtoto azione, na ukingo uliotumika kupimia uandikwe, ili mto ukihamishwa na kifusi cha mtu, mstari usimfuate asiyehusika. Ndani ya mstari matete yaachwe, mianzi iongezwe, na wanaotaka kufyeka wafyeke kwao. Hii haihitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Zege la bikoni tunaweza kuchanga wenyewe, wapimaji tulishawalipa.

Najua wanakuja wa "si mhame tu". Nihamie wapi, na nimuuzie nani nyumba ambayo mto uko jikoni? Nikiiuza ataninunulia nani kama si Tajiri mwenyewe? Ameshatuma dalali, by the way, bei aliyotaja hainunui hata kiwanja cha Chanika, kule pembezoni mwa jiji. Na wanakuja wa "wivu wa maendeleo". Maendeleo gani ambayo yanatapisha karo la jirani? Huyo Tajiri mwenyewe sina ugomvi na pesa yake, angejenga ghorofa nyuma ya mstari ningekwenda kumpongeza na maji ya kunywa ningempa. Na wale wa "jengeni na nyie ukuta", hesabuni wenyewe: tukijenga sisi, yatahamia kwa wa chini yetu, nao wakijenga yatahamia kwa wa chini yao, mpaka baharini. Kuta zile zile ndizo zitakuwa zimeubana mto mzima kuwa mfereji, na siku vuli ikichachamaa kama ile ya El Niño mwishoni mwa 2023 hakuna ukuta utakaobaki, wangu wala wake.

Sasa wanasheria na wapimaji mliomo humu, matusi nimemaliza, naomba msaada wa kweli. Moja, hizi mita 60 zinapimwa kutoka ukingo wa leo au ule uliochorwa kwenye mchoro ulioidhinishwa? Afisa amegoma kunijibu kwa maandishi. Mbili, kifungu cha 5 cha sheria ile ya 2004 kinampa mwananchi haki ya kwenda mahakamani kutetea mazingira: kuna aliyewahi kukitumia dhidi ya mtu binafsi hapa Dar, na alianzia wapi? Tatu, mwenye nakala ya barua yoyote ya zuio iliyowahi kufanya kazi kweli, yaani tipa zikasimama, anitumie nione ilivyoandikwa na nani aliisaini. Tipa zimeingia tena jana usiku, na safari hii wanajaza upande wa juu kwenye kona, palipobaki matete ya mwisho.