Wakuu, radi za wiki ijayo ziwani zikoje? Navuka kutoka Ukerewe kuja Mwanza

Mchuuzi_Nansio: Habari za jioni wakuu. Wiki ijayo navuka kuja Mwanza, Jumatano au Alhamisi. Simu inaonyesha wingu la radi siku zote saba. Nichague siku ipi? Naombeni ushauri, usingizi hauji kabisa.

Jicho_la_Kengewa: Siku achana nayo mkuu, angalia saa. Msimu wa vuli wingu la radi utaliona karibu kila siku. Mchana nchi kavu inapata joto, upepo unatoka ziwani kwenda bara, radi zinapiga huko. Usiku inageuka: ardhi inapoa, maji yanabaki na uvuguvugu, upepo unatoka kila upande wa ufukwe na kukutana ziwani. Hewa ikikosa pa kwenda inapanda juu, mawingu yanajijenga. Ndiyo maana ziwani radi hushamiri usiku wa manane hadi asubuhi. Unaondoka saa ngapi, kwa chombo gani, na watu wangapi?

Bibi_Sato: Panda meli mwanangu. Mnapenda njia za mkato halafu mnamsingizia Mungu.

Mchuuzi_Nansio: Ni boti. Tunaondoka usiku, muda haujakaa sawa.

Fundi_Plagi: Mimi niseme ya injini. Usiku wa mvua, maji yakiingia kwenye petroli injini inazima, kwa hiyo kidumu kifungwe vizuri na kikae mahali pakavu. Mafuta gawa mafungu matatu: la kwendea, la kurudia, la dharura. Kwa injini ya kuchanganya, kama kitabu chake kinasema oili lita 1 kwa petroli lita 50, usizidishe, plagi zitalowa. Beba plagi za akiba, spana yake na kamba ya kuwashia.

Jicho_la_Kengewa: "Haujakaa sawa" ndiyo saa ngapi? Na mzigo?

Mchuuzi_Nansio: Saa nane usiku. Gunia 40 za dagaa, kila moja kilo 40 hivi. Boti ya mbao mita 9, injini ya nguvu farasi 15. Saa moja asubuhi niwe sokoni Kirumba, Mwanza, maana meli inafika soko limeshapoa. Kishika uchumba nimeshatoa, na nahodha ni mzoefu, anasoma nyota.

Mzee_Kejeli: Anasoma nyota usiku wa mawingu! Huyo apewe uwaziri.

Jicho_la_Kengewa: Saa nane hadi saa moja ndio muda wenyewe niliousema. Na njia yako inakata mdomo wa Ghuba ya Speke. Unaelekea kusini, upepo wa magharibi ukija unakupiga ubavuni, na mawimbi ya ziwa hili ni mafupi, yamesimama wima, hayakupi nafasi ya kupumua. Tani 1.6 zimelundikwa juu ya ukingo, boti inalalia upande mmoja na hairudi.

Utabiri wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) wa siku 5 usome mpaka chini: kuna uwezekano wa kutokea, halafu kuna kiwango cha athari. Wengi wanaishia kwenye rangi. Picha za satelaiti nyingi zina saa za UTC (saa za kimataifa), ongeza tatu: 0300 ni saa kumi na mbili asubuhi kwetu. Upepo ukiandikwa noti 20, hiyo ni kilomita 37 kwa saa.

Bibi_Sato: Mmeshasahau Mei 21, 1996?

Jicho_la_Kengewa: MV Bukoba haikuzamishwa na radi, bibi. Mzigo na uwiano. Hata MV Nyerere 2018 pale Ukara, ni kujaza watu.

Pima_Kwanza: Samahani wakuu, mimi nanusa chai. Wiki ijayo mwezi ni mpevu. Dagaa wanavuliwa gizani kwa taa, mbalamwezi wavuvi wanalala. Gunia 40 zimetoka wapi? Au ndo wale wanaotunga uzi wapate kusomwa?

Mzee_Kejeli: Chai ya maziwa, na mandazi.

Mchuuzi_Nansio: Chai gani? Ni dagaa wa giza lililopita, wakavu, wako stoo. Wavuvi wakilala mzigo mpya unapungua, bei inapanda. Giza likirudi nimeliwa. Ndiyo maana siwezi kungoja.

Pima_Kwanza: Hapo umenijibu. Ila swali la watu umelikwepa.

Mchuuzi_Nansio: Saba. Dada yangu na mwanawe wa miaka minne wakiwemo, watakaa juu ya magunia. Jaketi okozi ziko tatu. Lakini kila mtu huku anasafiri hivyo.

Bibi_Sato: Mtoto juu ya magunia, usiku! Haya.

Jicho_la_Kengewa: Basi ya hewa tuyaache. Dada na mtoto wapande meli Nansio. Magunia pakia gari hadi Rugezi, kivuko hadi Kisorya, kisha barabara ya Bunda mpaka Mwanza. Ondoka siku moja kabla, yalale mjini, asubuhi uko sokoni.

Ukikataa, gunia 20, watu watatu, kila mmoja na jaketi, muondoke saa nne asubuhi baada ya kuona anga limefunguka. Ukingo ubaki juu ya maji kiasi cha mkono, kiganja hadi kiwiko. Baridi ya ghafla na upepo kugeuka maana yake mvua iko nyuma yake kwa dakika chache. Hesabu kutoka mwanga hadi ngurumo: sekunde tatu ni kilomita moja. Ikishuka chini ya sekunde 30, geukia ufukwe ulio karibu, na msitoke tena hadi dakika 30 zipite bila ngurumo. Ikiwakuta katikati, punguza mwendo, pua ielekee mawimbi, nguzo ya taa ilazwe, watu wakae chini mbali na vyuma.

Mchuuzi_Nansio: Kishika uchumba kitaliwa.

Fundi_Plagi: Mwambie mwenye boti akupe safari ya mchana kwa pesa ile ile. Naye hapendi kupoteza injini.

Mchuuzi_Nansio: Dada nimeshamwambia, anapanda meli. Magunia bado nayafikiria. Turubai la buluu linatosha?

Fundi_Plagi: Tafuta lile zito la lori, ulifunge chini ya ukingo pande zote. Likiachwa wazi mbele linajaa upepo.