Bomba la gesi limetobolewa ukutani: tuunge, tubadilishe lote, au mtungi uingie ndani?

Mama wa Forest, Mbeya
Wakuu habari za jioni. Tunakarabati jiko. Jana fundi akibandua marumaru za zamani kwa tindo alilipiga bomba la shaba linaloleta gesi kutoka mtungi wa kilo 38 ulioko nje. Harufu ikajaa hapohapo. Tulifungua milango, tukatoka na watoto, mtungi ukafungwa. Hakuna aliyegusa swichi. Leo nimeliangalia kwa karibu: mkwaruzo wa urefu wa kidole, na mwisho wake katundu ambako sindano ya kushonea haipiti. Fundi anasema akate, aunge, apige plasta. Mume wangu anataka bomba jipya lote. Shemeji anasema tuachane nalo, mtungi tuuingize jikoni. Naombeni ushauri, sijalala vizuri.

Fundi Uyole
Pole sana dada, na mlifanya vyema kutogusa swichi.

Kuunga kunategemea anaunga nani na kwa kitu gani. Risasi ya mafundi redio huanza kuyeyuka kabla ya nyuzijoto 250. Jiko likishika moto, kiungo kinaachia na gesi inaulisha moto huohuo. Mafundi friji huchomelea shaba kwa fimbo yenye madini ya fedha, joto likipita nyuzi 600. Hiyo inashika kweli. Viungo vya nati navyo vizuri, ila viwe mahali pa kuonekana na spana iweze kufika. Gundi na tepu ya kuzungushia, hapana kabisa.

Mkazi wa Kihesa
Dada, msikilize mume wako. Mimi nilikubali kiungo cha nati kifukiwe. Baada ya miezi kadhaa mtungi ukawa unaisha upesi, na harufu tukiitafuta usawa wa jiko hatuipati. Mke wangu alipoinama kufagia chini ya kabati ndipo alipoisikia, maana gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutuama sakafuni. Nilivunja marumaru mpya kwa mikono yangu. Sasa bomba langu ni moja lisilo na kiungo njiani, limepita juu ya plasta kwa klipu. Halipendezi sana, lakini naliona.

Wa Njombe
Shemeji naye asipuuzwe. Huku Julai asubuhi mtungi wa nje unatoa moto hafifu. Wangu wa kilo 15 uko ndani, hausumbui.

Fundi Uyole
Kweli mkuu, mtungi ukipoa sana presha hushuka. Lakini kilo 38 ndani ya nyumba wanamolala watoto, mimi siweki. Ukiwa na mtungi mdogo ndani, toboa tundu la hewa chini karibu na sakafu, si dirisha la juu pekee.

Mama wa Forest, Mbeya
Basi tunabadilisha lote, lipite juu ya plasta. Tutajuaje limekaza kabla ya marumaru?

Fundi Uyole
Mtungi uondolewe, jiko la gesi lifungwe. Fundi ajaze hewa kwa pampu yenye geji, aache. Mshale usishuke hata kidogo. Kisha gesi, na povu la sabuni kwenye kila nati. Usijaribu kwa kiberiti. Linapopenya ukutani, lipite ndani ya bomba la plastiki lisigandwe na saruji.

Mama wa Forest, Mbeya
Asante. Fundi friji anakuja Jumamosi. Marumaru nimezirudisha kwenye maboksi mpaka mshale utulie.