Testineti (soko la majaribio la kripto, hela sio za kweli) imenisafisha usiku, chati ya soko la kweli haina hiyo kendo (mstari wa chati unaoonyesha bei ilivyotembea kwa muda fulani). Hii imekaaje wakuu?

Kijana_wa_Kona
Wakuu habari za saa hizi. Mimi mgeni kabisa kwenye fyucha za kripto (unabeti bei itapanda au itashuka bila kununua sarafu yenyewe), spoti nilicheza kidogo tu, nanunua nauza basi. Nikasoma mahali kwamba usiguse levereji (kushika mzigo mkubwa mara kadhaa kuliko hela uliyoweka) na hela yako kabla hujajifunza testineti, nikafungua akaunti, nikaomba zile sarafu za majaribio, nikapewa USDT 10,000, yani kama dola 10,000. Levereji nikaweka 50, Bitcoin tu. Siku ya kwanza nikatoka na 14,000, siku ya pili 23,000, hapo nikaanza kumuuliza wife kiwanja anataka upande gani wa mji.

Juzi nikaacha longi (nimebeti bei itapanda) inatembea, stop losi ipo (oda ya kunitoa bei ikishuka mpaka pale nilipopanga), nikalala. Naamka nakuta 6,100! Kendo moja imeshuka kama ndoo iliyokatika kamba kisimani halafu ikarudi palepale dakika hiyohiyo. Nikafungua chati ya soko la kweli saa ileile, bei imetulia tuli. Je hawa jamaa wanachezea bei? Na pili, kwa vile 10 nimeshaifanya 23 kwa siku mbili, niingie tu na laki na nusu yangu? Nikitoa makato inabaki kama dola 50. Natumia simu, nina kibanda cha vocha na chaja, muda upo.

fundi_redio
Kabla ya kulaumu mtu, ingia kwenye historia ya oda uangalie ilipofungwa imeandikwa nini. Likwidesheni (soko kukufunga kwa nguvu dhamana yako ikikaribia kuisha) au stop losi?

Kijana_wa_Kona
Stop losi mkuu. Niliweka 2% chini ya bei niliyoingia ila imekuja kufungwa mbali sana, zaidi ya 5%.

fundi_redio
Basi hakuna aliyekuibia. Testineti ni soko lake lenyewe, wanunuzi na wauzaji ni nyie wanafunzi pamoja na roboti za watu wanaojaribu programu zao, hamna hela ya kweli mule kwa hiyo oda ni chache mno. Mtu mmoja akibonyeza kuuza mzigo mkubwa kwa bei yoyote, anafagia oda zote za kununua mpaka chini, ndo kendo yako hiyo. Stop losi yako ilikuwa inaangalia bei ya mwisho watu waliyouziana mule, ikaamka, ikageuka kuwa oda ya soko (uza sasa hivi kwa bei yoyote), na yenyewe ikaanza kuuza kwenye shimo lilelile. Yani wewe mwenyewe uliongezea urefu wa ile kendo hahaha

Kuna sehemu ya kuchagua stop losi iamshwe na nini, bei ya mwisho au maki praisi. Maki praisi inakokotolewa kutoka bei za masoko kadhaa kwa hiyo kendo ya kijinga ya sehemu moja haiitikisi sana, na likwidesheni nayo hupigwa kwa hiyo hiyo. Weka hapo.

Alafu usichanganye testineti na demo. Soko la Bybit kwa mfano wanazo zote mbili: testineti ina akaunti yake na tovuti yake, demo iko ndani ya akaunti ya kawaida na inafuata bei za soko la kweli. Testineti nzuri kwa kujua vitufe na kwa wanaoandika roboti. Ukitaka kujua mkono wako ukoje nenda demo.

Coach_Profit_Daily
Brother usisumbuke na test, nina group, wanachama wangu wanapata 20% kwa siku guaranteed, njoo inbox

fundi_redio
Kama unapata 20% kwa siku unatafuta nini kwenye uzi wa mtu wa dola 50

Dada_Mahesabu
Swali la pili ndo lenye kazi, mmeliruka. Ile 10,000 kuwa 23,000 haikufundishi kitu kwa sababu haukuwa na wasiwasi na huna dola 10,000. Kitu cha kwanza: hamisha 6,050 toka wallet ya fyucha peleka spoti, au kama huko hairuhusu jifanye haipo. Baki na 50. Utashangaa mkono unavyobadilika.

Sasa hesabu, tuseme Bitcoin iko 60,000 ili iwe rahisi. Una dola 50, levereji 20, unaweka zote, posisheni (mzigo wote unaoushika) ni dola 1,000. Wengi wanadhani mpaka ishuke 5% ndo waungue, hapana, soko linataka ubaki na kiasi fulani cha chini kwenye akaunti, chukua nusu asilimia ya posisheni, kwa hiyo unachinjwa kwenye 57,300 hivi, yani 4.5%. Bitcoin kutembea 4.5% sio kitu cha ajabu.

Ada je? Oda ya soko chukua 0.05%, watu wanaona ndogo. Ila inakatwa kwenye posisheni sio kwenye hela yako! 1,000 mara 0.05% ni senti 50 kuingia, senti 50 kutoka, dola nzima, 2% ya mtaji wako kabla bei haijasogea. Kwa levereji yako ya 50 ni 5% kila ukiingia na kutoka. Fanya mara kumi kwa siku uniambie. Tumia oda ya limiti (unataja bei yako na kusubiri) pale inapowezekana, ada yake huwa nafuu.

Na kuna fandingi, malipo ya kila baada ya muda, longi wanawalipa shoti (waliobeti bei itashuka) au kinyume chake, kwenye masoko mengi ni kila masaa nane: saa tisa usiku, saa tano asubuhi na saa moja jioni kwa saa zetu. Nayo inahesabiwa kwenye posisheni yote.

Mimi naanzia mwisho. Najiuliza nikikosea nipoteze ngapi? Kwa dola 50 nasema dola 1. Stop losi iko 2% mbali, basi posisheni ni dola 50. Umeona? 50 kwa 50, levereji haina kazi hapo, ikisaidia sana ni kuweka dhamana ya dola 5 badala ya 50 ukichagua levereji 10. Soko la Binance wenyewe 2021 walishusha kikomo toka 125 mpaka 20 kwa akaunti mpya, sasa wewe 50 ya nini.

mzee_wa_2021
Sikiliza huyo dada. Mimi tarehe 19 mwezi wa 5 2021 nilikuwa na longi, krosi, yani salio lote la akaunti limesimama nyuma ya posisheni moja, sio aisoletedi ambayo inahatarisha kile ulichotenga tu. Bitcoin imetoka elfu 43 na kitu inashuka, mimi naongeza marjini (hela ya dhamana) kwa simu nikiwa kwenye foleni ya benki, naongeza, naongeza, ile hela ilikuwa ya kodi ya fremu ya miezi sita. Ikagusa elfu 30. Ilishanila kabla haijafika huko. Jioni ikarudi juu kidogo, hiyo ndo iliniuma kuliko yote. Jukwaa silitaji, halina kosa, kitufe cha krosi nilikibonyeza mwenyewe.

Na hizo kendo za testineti usizicheke sana, Ijumaa ya tarehe 10 Oktoba 2025 usiku, Trump katangaza ushuru wa ziada wa 100% kwa China, soko la kweli likafanya hivyohivyo. Posisheni za zaidi ya dola bilioni 19 zililikwidiwa, kuna sarafu ndogo zilishuka zaidi ya nusu ndani ya dakika, na hata wenye shoti za faida wengine walifungiwa kwa nguvu. Huku kwetu ilikuwa kama saa sita usiku, watu wamelala na stop losi zao.

Kijana_wa_Kona
Daah nimesoma mara mbili. Nimehamisha 6,050, nimebaki na 50, aisoletedi, levereji 5, stop losi kwa maki praisi. Nimefungua longi ya dola 50 saa nne asubuhi, sasa hivi jioni nina faida ya senti 18 na ada na fandingi zimekula 4. Mbona inachosha hivi?

Dada_Mahesabu
Ehee sasa ndo umeanza. Fanya hivyo mara 50, kila moja andika kwenye daftari la mauzo ya vocha: umeingia kwa nini, umetoka kwa nini. Uturudie.

Kijana_wa_Kona
Daftari wife ndo anashika. Ntanunua jingine