Naomba ushauri: pikipiki ya zamani, nipunguze kiasi gani kwenye bei?

Wakuu, nisaidieni kupima bei ya pikipiki ya cc 125, umri miaka 12. Mita inasoma kilomita 38,000, lakini mita hubadilishwa, hivyo naamini zaidi meno ya sproketi (gia za mnyororo) na raba za kukanyagia zilivyolika. Injini ikiwashwa ikiwa baridi hutoa moshi wa bluu, kisha unakata. Nashuku sili za valvu (raba zinazozuia oili kupenya kwenye silinda); ringi za pistoni zikiisha moshi huendelea, hasa ukiongeza kasi. Shokapu za mbele zinavuja, tangi lina kutu ndani. Namba za chesisi na injini zinalingana na kadi.

Je, niondoe gharama yote ya vipuri na ufundi, au nusu? Na moshi huo mnaukatia kiasi gani kabla hedi (sehemu ya juu ya injini yenye valvu) haijafunguliwa?